Makaa duni ni rahisi kwa sababu kazi yake haijafanywa

Mwaka jana niliingia jikoni kwa shule moja ya bweni mkoani Mbeya, saa kumi na moja alfajiri, maharage yakiwa tayari yanatokota kwenye sufuria ambalo mtoto wa darasa la nne angeweza kusimama ndani yake. Kuta zilikuwa bado nyeusi kwa masizi ya miaka mingi ya kuni, ila hewa ilikuwa safi kiasi cha kumwona vizuri mtu aliyesimama upande wa pili. Shule ilikuwa imeacha kuni na kuhamia mkaa mbadala uliotengenezwa kwa makaa ya mawe. Mama mpishi aliusifu: unashika moto muda mrefu, hauwatoi machozi, na hakuna tena kusubiri lori la kuni. Kisha akanipeleka nyuma ya jiko, akanionyesha ndoo tatu zimejaa majivu ya rangi ya udongo wa mfinyanzi. "Kuni, mwanangu, mzigo mzima unakuachia viganja viwili. Huyu anaungua usiku kucha, halafu asubuhi unambeba tena kama ulivyomleta."

Sijapata kusikia ufafanuzi bora wa makaa duni. Kila kilo ya jiwe lisiloungua imechimbwa, imepakiwa, imesafirishwa na kupashwa moto, na mwisho lazima itafutiwe pa kutupwa. Unalipia mara tano kitu kisichokupa joto.

Nayasema haya kwa sababu kila baada ya muda mfupi inatujia habari ya teknolojia mpya itakayoyageuza makaa duni kuwa utajiri: kuyakausha, kuyageuza gesi, kuyachomea huko huko chini ya ardhi, kuyatoa haidrojeni, kunasa hewa ukaa yake na kuizika. Tanzania ina makaa ya Mchuchuma huko Ludewa, ya Ngaka na ya Kiwira. Kenya ina bonde la Mui huko Kitui. Wenye kutushawishi hawatakoma kuja, na kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Si kwamba teknolojia hizo ni za uongo. Nyingi zipo na zimejengwa, nyingine zina umri wa mzee. Tatizo liko kwenye hesabu. Makaa duni yana bei ndogo kwa sababu kazi ya kuyafanya yafae bado haijafanywa, na teknolojia haiifuti kazi hiyo. Inaihamisha tu kutoka mahali pamoja kwenda pengine.

Tuanze na uduni wenyewe, maana neno hili linafunika vitu tofauti. Makaa yanaweza kuwa duni kwa maji, kwa majivu, au kwa salfa. Lignaiti, makaa machanga ya kahawia, ugonjwa wake ni maji. Katika bonde la Latrobe, jimbo la Victoria nchini Australia, makaa yanatoka ardhini yakiwa na maji yanayofikia asilimia 60 ya uzito wake. Chukua kilo moja: zaidi ya nusu ni maji. Kuyavukiza maji hayo kunakula karibu megajuli 1.5, ilhali kilo nzima ikiwa mbichi inatoa chini ya megajuli 10. Makaa mazuri ya kuuza nje hutoa 25 au zaidi. Ndiyo maana lignaiti haisafirishwi mbali. Huchomwa mdomoni mwa mgodi, kwani kuipandisha melini ni sawa na kulipia nauli ya maji.

Makaa yetu ya kusini ni ya aina nyingine. Ni ya kale, ya miamba ya Karoo, yenye umri unaozidi miaka milioni 250. Maji yake ni kidogo lakini majivu yake ni mengi, kwa sababu mimea iliyoyazaa ilizikwa pamoja na tope na mchanga, vikachanganyika kama unga na pumba. Kuyaosha kunasaidia kwa kiasi. Ukiosha kidogo, mawe yanabaki. Ukiosha sana, makaa mazuri nayo yanakwenda na maji machafu. Ya Kitui yametajwa kuwa kati ya lignaiti na daraja lililo juu yake. Kwa hiyo dawa iliyofaa Australia haifai Ludewa, na ya Ludewa haifai Kitui. Makaa hayafanani, na wanaouza mitambo hawapendi kulisema hilo mapema.

Nitaanza na teknolojia iliyofanya kazi bila makelele. Katika kituo cha Coal Creek, North Dakota nchini Marekani, wahandisi walikabiliwa na lignaiti yenye unyevu wa asilimia 38 hivi. Hawakujenga tanuri jipya la kuikausha. Walichukua joto ambalo mtambo ulikuwa unalitupa hewani, wakalipitisha kwenye makaa yaliyosagwa, na unyevu ukashuka hadi asilimia 29. Mfumo huo ulianza kazi kamili mwaka 2009. Boila ileile ikahitaji makaa machache kwa umeme uleule. Nawaheshimu wahandisi hao kwa sababu walijiuliza swali moja ambalo wengine hulikwepa: joto la kuyasafisha makaa haya litatoka wapi? Likitoka kwenye makaa yenyewe, umejikopesha kwako mwenyewe. Likitoka kwenye joto lililokuwa linapotea, hapo umepata kitu.

Kuna pia boila ambayo ndani yake mchanga, majivu na vipande vya makaa hupulizwa hewa kutoka chini hadi vikachemka kama uji. Moto wake ni wa nyuzi 850 hadi 900 hivi, mdogo kuliko wa boila za kawaida, na ukichanganya chokaa, sehemu kubwa ya salfa inanaswa humo humo. Boila hii hula karibu chochote. Pakistan imeitumia kwenye lignaiti ya jangwa la Thar, na mtambo wa kwanza wa megawati 660 ulianza kuuza umeme mwaka 2019. Ukiishia hapo utadhani tatizo limekwisha.

Lakini nenda Botswana. Morupule B, mtambo wa megawati 600 wenye mashine nne za megawati 150, ulijengwa kwa boila za aina hiyo ili nchi iache kutegemea umeme wa Afrika Kusini. Tangu ulipoanza, boila zake zimeharibika mara kwa mara, zikatengenezwa, zikaharibika tena, na Botswana ikarudi kununua umeme kwa jirani na kuchoma dizeli. Teknolojia ilikuwa inajulikana na makaa ya Morupule yanachimbwa pale pale. Palipopungua ni ujenzi na uangalizi. Makaa duni hayasamehe. Kwenye gesi asilia kosa dogo la fundi linavumilika. Kwenye makaa yenye majivu mengi, chembe zile zinakwangua mabomba kama msasa, saa 24, hadi bomba linatoboka. Anayetaka kutuuzia boila ya namna hii atuambie kwanza nani atakuwa zamu miaka 15 baadaye, na vipuri vitatoka wapi.

Sasa tuje kwenye gesi, maana hapa ndipo ahadi ni kubwa na ndipo nchi zimepoteza fedha nyingi kuliko kwingine. Wazo ni hili: badala ya kuyachoma makaa, unayabana kwenye chombo chenye joto kali, mvuke na oksijeni isiyotosha, yakatoa mchanganyiko wa haidrojeni na kaboni monoksaidi. Kutoka hapo unaweza kutengeneza umeme, mbolea, dizeli, chochote. Wajerumani Franz Fischer na Hans Tropsch walionyesha mwaka 1925 jinsi ya kuifanya gesi hiyo kuwa mafuta. Afrika Kusini ilijenga Sasolburg miaka ya 1950, kisha Secunda baada ya mshtuko wa mafuta wa 1973, ikitumia makaa yenye majivu mengi ambayo soko la nje lisingeyataka. Secunda imezalisha mafuta kwa zaidi ya miaka 40. Pia ni miongoni mwa sehemu moja moja zinazotoa hewa ukaa nyingi kuliko zote duniani. Ilijengwa na serikali iliyoogopa vikwazo vya mafuta na iliyokuwa tayari kulipa gharama yoyote. Anayetuletea mfano wa Secunda asiusahau upande huo.

Marekani nako kuna visa viwili ambavyo ningependa kila mbunge wa kamati ya nishati avijue. Cha kwanza ni Beulah, North Dakota. Kiwanda cha kugeuza lignaiti kuwa gesi ya bomba kilianza mwaka 1984 kwa gharama ya takriban dola bilioni 2. Mwaka uliofuata bei ya gesi ilikuwa imeporomoka, wamiliki wakashindwa kulipa mkopo uliodhaminiwa na serikali, na serikali ikabaki na kiwanda. Mwaka 1988 kiliuzwa kwa dola milioni 85 tu, pamoja na makubaliano ya kugawana faida. Aliyekinunua ndiye aliyefaidika, kwa sababu gharama ya ujenzi ilikuwa imekwisha kubebwa na mlipa kodi. Tangu mwaka 2000 hewa ukaa ya kiwanda hicho husafirishwa kwa bomba la kilomita 330 hivi hadi Kanada, kusukuma mafuta ya visima vikongwe vya Weyburn. Siku hizi kinatengeneza pia mbolea ya yurea. Kiwanda kinafanya kazi, ndiyo. Lakini kimesimama kwa sababu deni lake lililipwa na mtu mwingine.

Cha pili ni Kemper, Mississippi. Hapa waliahidi lignaiti yenye maji mengi igeuzwe gesi, gesi ifue umeme wa megawati 582, na asilimia 65 ya hewa ukaa inaswe. Ulipopendekezwa, mradi ulitajwa kuwa wa dola bilioni 2 na ushee. Ujenzi ulianza michoro ikiwa haijakamilika, kwa teknolojia iliyokuwa imejaribiwa kwenye kituo kidogo tu cha Wilsonville, Alabama. Gharama ikapanda hadi takriban dola bilioni 7.5. Juni 2017 kazi ya kugeuza makaa kuwa gesi ilisimamishwa, mtambo ukabaki unatumia gesi asilia, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imeshuka bei sana nchini humo kwa ajili ya gesi ya miamba. Oktoba 2021 minara ya kugeuzia makaa ilibomolewa kwa baruti. Hawa ni Wamarekani, wenye majeshi ya wahandisi na benki zisizokosa fedha. Kama wao waliruka kutoka jiko la majaribio hadi mtambo mkubwa wakaanguka, sisi tunaoombwa turuke hivyo hivyo tunapaswa kuuliza nani ataokota gharama.

Njia inayonitia hofu kuliko zote, hasa nikifikiria Kitui, ni ile ya kuyachoma makaa yakiwa chini. Unatoboa visima viwili, unawasha moto kwenye tabaka la makaa, unapuliza hewa upande mmoja na gesi inatokea wa pili. Hakuna mgodi wala mchimbaji wa kufukiwa. Kwa makaa duni yaliyo chini sana inavutia kweli, na Angren nchini Uzbekistan wamefanya hivyo tangu miaka ya 1960. Lakini Chinchilla, Queensland nchini Australia, kampuni moja iliwasha moto chini ya mashamba mwaka 1999, ikapuliza hewa kwa nguvu iliyoupasua mwamba, na gesi pamoja na kemikali zikatoka kwenye nyufa kwenda ardhini. Mwaka 2016 jimbo lilipiga marufuku njia hiyo. Mwaka 2018 mahakama iliitoza kampuni faini ya dola milioni 4.5 za Australia. Kampuni ilikuwa imekwisha kufilisika.

Kitui watu huchota maji kwenye mchanga wa mito ya msimu. Wamejenga mabwawa ya mchanga kwa mikono yao, wakiitega mvua ya siku chache iwafikishe miezi ya kiangazi. Mchanga ule ndio tangi lao. Chini ya tangi kama hilo sipendi kuona moto ambao hauna mlango wa kuuzimia.

Kuhusu kunasa hewa ukaa nitasema kwa ufupi. Boundary Dam huko Saskatchewan, Kanada, ni mtambo wa lignaiti uliofungwa kifaa hicho mwaka 2014. Lengo lilikuwa kunasa tani milioni 1 kwa mwaka. Tani milioni 5 zilitimia mapema 2023, baada ya zaidi ya miaka 8. Na kifaa chenyewe kinakula sehemu ya umeme wa mtambo kabla mteja hajaupata. Haidrojeni ya lignaiti ya Latrobe nayo ilisafiri. Mwanzoni mwa 2022 meli ya Suiso Frontier ilibeba shehena ya kwanza ya haidrojeni ya kimiminika kutoka Australia hadi Kobe, Japani. Ilipofika hatua kubwa inayofuata, mwishoni mwa 2024, upande wa Japani uliamua kutafuta haidrojeni nyumbani kwanza. Meli yenyewe ilifika. Kilichokwama ni kuipata haidrojeni hiyo kwa wakati na kwa bei.

Nimeshaambiwa, tena na watu ninaowaheshimu, kwamba maneno kama haya ni ya kuwatetea Wazungu waliochoma makaa miaka 200 na sasa wanatuzuia. Ujerumani hadi leo inachoma lignaiti na sheria yake inaruhusu hadi 2038. Januari 2023 polisi waliwaondoa watu kwa nguvu kijijini Lützerath ili mgodi wa Garzweiler upanuke. Hasira hiyo naielewa, na katika suala la haki ina msingi. Ila mimi sipimi kwa jicho la Ulaya. Napima kwa ndoo za yule mama. Hata kama dunia nzima ingesema tuchome tunavyotaka, majivu yangebaki yale yale, na bomba lingetoboka vile vile. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Tuna gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, ambayo tayari imefanyiwa kazi na maumbile. Kufua umeme kwa makaa yenye majivu mengi, huku hayo yapo, ni kuchagua kibarua kigumu zaidi kwa ujira ule ule.

Je, tuyaache ardhini yote? Hapana. Kuna mahali majivu si adui. Tanuri la saruji huchemka hadi nyuzi 1,450 hivi, na makaa yanapoungua humo, majivu yake hayatolewi kwa ndoo. Yanaingia kwenye klinka, yale mawe madogo yanayosagwa kuwa saruji, yanakuwa sehemu ya saruji yenyewe, kwa kuwa yana silika na alumina ambazo tanuri lingezihitaji hata hivyo. Jiwe ambalo mama mpishi analibeba nyuma ya jiko, hapa linauzwa kwenye mfuko. Serikali ilipozuia uagizaji wa makaa kutoka nje mwaka 2016, viwanda vya saruji vililalamika sana, na sehemu ya malalamiko yao ilikuwa ya haki: si kwamba makaa ya kusini hayafai, bali mzigo wa leo haufanani na wa jana. Fundi wa tanuri akijua majivu ni kiasi gani, anapunguza udongo na kurekebisha chokaa. Asipojua, klinka inaharibika. Kwa hiyo teknolojia ya baadaye ninayoitaka kwa makaa ya Ngaka ni ya kawaida kabisa: maabara mgodini, kuchanganya marundo ili ubora uwe sawa, na cheti cha kila lori. Haivutii kwenye picha za magazeti, lakini hulipa.

Jikoni pia pana nafasi, kwa tahadhari. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, linatengeneza mkaa mbadala kwa makaa ya Kiwira, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034. Kwa shule, magereza na kambi zilizokuwa zinamaliza misitu, mkaa huu ni nafuu ya kweli. Nimeiona kwa macho. Lakini moshi ukiondoka haina maana sumu imeondoka. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi huua, uwe wa mti au wa jiwe. Jiko la shule lenye paa la juu na madirisha wazi si sawa na chumba cha kupanga Iringa mwezi wa Julai. Onyo hilo liandikwe kwenye kila mfuko, kwa herufi kubwa kuliko jina la bidhaa.

Inabaki Mchuchuma. Tani milioni 428 ndiyo takwimu tunayoisikia kila bajeti, pamoja na mtambo wa megawati 600, ambao sehemu ya umeme wake ingeyeyusha chuma cha Liganga. Mkataba wa kwanza na kampuni ya Kichina ya Sichuan Hongda ulisainiwa mwaka 2011. Miaka imekwenda na tani zimebaki pale pale, nasi tunaendelea kuzitaja kana kwamba tani ni jibu. Tani hazisemi kitu. Niambie unyevu, majivu na salfa. Niambie majivu hayo huanza kuyeyuka kwa joto gani, maana yakiyeyuka ndani ya boila yanaganda kwenye mabomba kama lami, na mtambo unazimwa ili watu wakayagonge kwa nyundo.

Kabla ya mkataba mwingine wowote, tani elfu kadhaa za Mchuchuma zipelekwe zikachomwe kwenye boila ya aina ile ile itakayojengwa, kwa wiki nzima mfululizo, mbele ya wahandisi wetu. Majibu yake yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji cha Nkomang'ombe, ambako ndiko majivu yatamwagwa.